Naombeni mwongozo: msawazo wa kikemia, themodinamiki na asidi-besi kwa uhandisi wa mazingira

Mleta uzi:
Wakuu, salaam. Nasoma uhandisi wa mazingira na kemia ya maji ndiyo inayonikwamisha. Mada moja moja naimudu: K (kisobadilika cha msawazo) naikokotoa, pH ya asidi dhaifu naipata. Nikipewa swali la maji halisi lenye vyote kwa pamoja, sijui nianzie wapi. Tena tunafundishwa kwamba ΔG° (badiliko la nishati huru katika hali sanifu) ikiwa chanya mmenyuko haujiendei wenyewe, halafu mmenyuko uleule unatokea majini. Nianze na ipi?

Chujio:
Mkuu, usizitenganishe. Chukua klorini ya kutibu maji, uichambue mpaka uimalize. Ikiyeyuka inatoa HOCl (asidi ya hipoklorasi), asidi dhaifu yenye pKa (pH ambayo nusu ya asidi imeachia H⁺) ya 7.5 hivi, nayo huachia H⁺ ikabaki OCl⁻. Tumia ΔG° = 2.303RT × pKa (R ni kisobadilika cha gesi, T ni halijoto kwa kelvini) kwenye nyuzi 25 za Selsiasi: utapata takriban kilojuli 43 kwa moli, tena chanya. Lakini pH ikiwa 7.5, nusu yake imeshaachia H⁺!

Sababu ni kwamba ΔG° ni ya hali sanifu, kila kilichoyeyuka kikiwa na mkolezo wa moli 1 kwa lita, yaani pH 0. Hakuna anayekunywa maji hayo. Kinachoamua ni ΔG = ΔG° + RT ln Q, ambapo Q ni uwiano kama wa K, ila kwa mikolezo iliyopo majini wakati huo.

Sasa shusha pH hadi 6.5: HOCl inafika asilimia 91. Ipandishe hadi 8.5: inabaki kama asilimia 9. Na HOCl inaua vijidudu vizuri zaidi kuliko OCl⁻, hivyo dozi ileile inaweza kutosha au isitoshe kwa sababu ya pH tu.

Tonetone:
Naunga mkono. Baada ya hapo ingia kwenye kaboneti (kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini na ioni zake), pKa 6.35 na 10.33, maana ndiyo bafa kuu (kinachozuia pH isibadilike sana) ya maji mengi ya asili. Kila swali lianze hivi: orodhesha spishi zote (molekuli na ioni zilizomo), andika milinganyo ya K, kisha mizania ya masi na mizania ya chaji. Idadi ya milinganyo ikilingana na ya visivyojulikana, kilichobaki ni aljebra. Jipime kwa maji safi yaliyoachwa wazi kwenye hewa. Ukipata pH ya karibu 5.6, umeelewa. Grafu ya logi ya mkolezo dhidi ya pH ichore kwa mkono kwanza, programu baadaye.

Mleta uzi:
Shukrani sana. Na joto likibadilika?

Chujio:
Hapo ndipo entalpia (joto linalotolewa au kufyonzwa na mmenyuko) inapokuja, kupitia mlinganyo wa van 't Hoff, unaoonyesha K inavyobadilika na halijoto. Kuyeyuka kwa kalsiamu kaboneti hutoa joto, kwa hiyo maji yakipashwa K yake hupungua. Ndiyo sehemu ya sababu ya ukoko mweupe ndani ya birika.

Tonetone:
Nyongeza: themodinamiki inakuambia mmenyuko unaelekea wapi, haikuambii utafika lini. Naitrojeni ya hewani, ikiwa na oksijeni na maji, ilipaswa kuishia kuwa naitreti, ila kifungo chake cha mara tatu ni kigumu kuvunjika. Ukishaimudu kaboneti, fungua sura ya kasi ya mmenyuko.