Baada ya kimbunga, matumbawe ya Mafia yanabadilikaje kwa mzamiaji?

mbizi_pwani: Wakuu, kimbunga Hidaya kilipiga Mafia Mei 2024. Kimbunga kama kile kinaacha nini chini ya maji, na mzamiaji abadili nini?

mwambani: Inategemea kina na umbo. Matumbawe ya matawi na ya meza kwenye mita 3 hadi 8 ndiyo hukatika kwanza. Yale ya mabonge huvumilia, ila mawimbi yakichimba mchanga chini yake hupinduka mazima. Ukishuka zaidi, tatizo huwa mchanga uliofunika kuliko kuvunjika. Ubaya hasa ni vifusi vya matumbawe yaliyovunjika: bahari ikichafuka tena vinabiringika, na vitoto vya matumbawe vilivyoshika hapo vinapondwa. Ndiyo maana mwamba unaweza kukaa miaka bila kupona.

kusi88: Na tope la Rufiji msilisahau, delta iko ng'ambo tu. Ghuba ya Chole ingieni maji yanapojaa, yanaleta maji safi ya bahari kuu. Yakitoka hamwoni kitu. Wakati wa bamvua (maji makubwa), mkondo wa Kinasi, mlango wa ghuba hiyo, ni mkali mno; chagueni maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo.

mwambani: Sahihi. Kabla ya kufunga boti kwenye boya, mtu ashuke akague kamba na pingu yake (chuma kinachoiunga). Chini, elea mita 1 au zaidi juu ya mwamba na piga mapezi kama chura, la sivyo unatimua tope.

mbizi_pwani: Vipande vilivyokatika tuvisimamishe?

kusi88: Hapana, mkuu. Pale ni hifadhi ya bahari, kibali kwanza. Kipande kisichofungwa imara hung'oka tu na kugonga vingine.