Re: Mpiga video wa harusi hajamaliza kazi

Assalaam alaikum jamaa. Harusi ya binti yangu imepita tangu mwezi wa nne, na mpiga video bado ananizungusha. Alisema wiki sita. Pauni 900 ameshachukua zote. Kipande alichonitumia, nikaha nzima haina sauti: sheikh anafungua mdomo tu, watu wanaitikia kimya. Nikimpigia, "Mama, kazi zimenielemea." Wenzangu wananiambia nisamehe kwa sababu hatukuandikishana. Ni hivyo kweli?
— Mama wa Leicester

*

Waalaikum salaam mama, na hongera kwa harusi.

Si hivyo. Hapa England makubaliano ya mdomo ni mkataba. Shida huwa kwenye ushahidi, na wewe meseji zake unazo.

Sheria yenyewe ni Consumer Rights Act ya 2015, yaani sheria ya haki za wateja. Kifungu cha 49 kinamtaka afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi wa kuridhisha. Cha 50 ndicho chako hasa: alichokuambia kuhusu huduma yake, ukakizingatia ulipoamua kumpa kazi, kinahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba. Kwa hiyo zile wiki sita zinambana. Hata asingetaja muda, cha 52 kingemtaka amalize ndani ya muda unaofaa. Ila sheria hii inamhusu mtu anayefanya kazi hiyo kibiashara. Kijana wa jirani aliyekusaidia bure ni habari nyingine.

Anza kwa kudai arekebishe bila kukutoza senti. Nikaha haiwezi kufungwa tena kwa ajili ya kamera, lakini uhariri unarudiwa, na pengine sauti ipo kwenye kinasa kingine. Muulize hilo waziwazi. Kisichorekebishika, dai upunguziwe bei. Akishakubali kwamba unastahili kurudishiwa, ana siku 14 za kukulipa.

Mwandikie, mpe tarehe ya mwisho, na umwambie baada ya hapo utafungua madai. Madai madogo ya mahakama hapa yanafika pauni 10,000 na wakili si lazima. Na tafadhali usimtukane WhatsApp. Hakimu atasoma zako pia.
— Birmingham

*

Kwa nini tukimbilie mahakamani na mtu tunayeswali naye? Mwiteni, wazee wakae naye.
— Coventry

*

Wazee sawa kabisa, shangazi, mimi mwenyewe ningeanza huko. Lakini watakachokubaliana kiandikwe, na pesa itajwe. Muda wa kufungua madai ni miaka 6, kwa hiyo hakuna haraka ya kugombana.
— Birmingham

*

Wa Scotland msichukue hesabu hizo: kwetu utaratibu wa madai madogo unaishia pauni 5,000, na muda ni miaka 5.
— Glasgow