Kwenda Ujerumani kujitolea mwaka mmoja: maswali ya kijana wa Tukuyu

Kutoka Tukuyu

Kaka zangu na dada zangu mlioko ughaibuni, shikamooni, na Bwana Yesu asifiwe.

Ushirika wetu wa Moravian hapa wilayani Rungwe umenichagua niende Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee, katika jimbo la Saxony, si mbali na Herrnhut, mji walikotoka wamishonari wa kanisa letu. Pasipoti ninayo, mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya kwanza nimeufanya Dar es Salaam, na sasa ninasubiri siku ya kuitwa ubalozini kwa ajili ya viza. Baridi hainitishi sana, kwa kuwa nimekulia kwenye mvua na ukungu wa huku na nimesoma Makete, ambako mwezi wa Juni na wa Julai tulikuwa tukiamka tunakuta umande umeganda juu ya majani. Ninachotaka kujua ni yale ambayo barua ya mwaliko haiyasemi: siku ya kawaida inakwendaje, posho inatosha nini, na nifanye nini nisije nikamaliza mwaka mzima nikiwa bado mgeni. Naomba pia mniambie kama nibebe unga.

Jibu kutoka Zittau

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa pilika za safari. Mimi ni mzaliwa wa Njombe; nilikuja huku Saxony kwa mpango kama huo wa kwako, na sasa ninafanya kazi ya uuguzi.

Nianze na karatasi, kwa sababu zikichelewa zinachelewesha kila kinachofuata. Sheria inakutaka ujiandikishe katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie kwenye makazi yako, na utakwenda na pasipoti pamoja na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi hapo. Cheti utakachopewa kitunze vizuri, maana ndicho utakachoulizwa benki na kwingineko. Utaulizwa pia dini yako, na huna sababu ya kuificha kwa kuogopa kodi ya kanisa kama wengine wanavyoshauri: kodi hiyo hukokotolewa kutokana na kodi ya mapato, na posho ya anayejitolea haitozwi kodi ya mapato. Viza yako inaweza kuwa ya miezi michache tu, kwa hiyo omba mapema miadi ya ofisi ya wageni kwa ajili ya kibali cha ukaazi. Nafasi hujaa, na tarehe iliyoandikwa kwenye viza haimsubiri mtu.

Kabla ya hayo yote, andika jina lako kwenye kisanduku cha barua mlangoni. Hili linaonekana dogo, lakini Wajerumani bado wanaendesha mambo yao makubwa kwa barua ya karatasi. Kadi ya bima ya afya, kadi ya benki, namba ya siri ya kadi hiyo (ambayo hutumwa peke yake katika bahasha nyingine) na namba ya mlipa kodi, vyote huletwa na mtu wa posta, naye asipoliona jina lako kisandukuni anaondoka navyo. Miongoni mwa barua hizo itakuwamo moja inayodai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Usiitupe. Ada hiyo hulipwa mara moja kwa kila nyumba, kwa hiyo ukiwa unaishi na wenzako na mmoja wao anailipa tayari, unajibu kwa kutaja namba yake na madai yanakwisha.

Kuhusu unga, usijaze sanduku. Unga mweupe wa mahindi unapatikana katika maduka ya Waafrika mijini Dresden na Berlin, na siku ukikosekana wengi wetu husonga ugali wa ngano iliyosagwa kwa chengachenga, inayouzwa kila duka kwa bei ndogo. Nyama na maziwa, hata vikiwa vimekaushwa, haviruhusiwi kuingizwa katika nchi za Umoja wa Ulaya na abiria anayetoka kwetu. Maparachichi ya Rungwe nayo yanahitaji cheti cha afya ya mimea, usiyabebe; ndizi hazihitaji cheti hicho, na hilo litakufurahisha. Mimi ningebeba majani ya chai na kitenge cha kumpa mama wa nyumba. Zaidi ya unga, kitakachokusumbua ni saa za kula, kwa kuwa chakula cha moto huliwa mchana na jioni watu wanakula mkate, jibini na vipande vya soseji baridi, kisha meza inaondolewa. Usikae ukisubiri chungu kiinjikwe. Kula mchana ushibe.

Baridi, kweli, utaizoea, na makoti mazito utayapata kwenye mitumba ya Mwanjelwa kwa bei nzuri, ingawa huenda yatakuwa yanarudi yalikotoka. Giza ni jambo lingine. Mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi jioni, na siku nyingi hulioni kabisa kwa mawingu. Mtu wa kwetu aliyezoea siku zinazolingana mwaka mzima huanza kulala sana na kukosa hamu ya kuongea, akadhani amerogwa au imani imempungua. Toka nje kila mchana, hata nusu saa, na ukiona hali inazidi mweleze msimamizi wako. Ndani ya nyumba kuna desturi itakayokushangaza: hata theluji ikianguka, madirisha hufunguliwa wazi kwa dakika chache asubuhi na jioni huku kipasha joto kikiwa kimefungwa, kisha yanafungwa tena. Ukikataa kufanya hivyo kwa kuhurumia joto, mvuke wa kuoga na kupika utaota ukungu mweusi ukutani, na mwenye nyumba atakudai gharama za kupaka rangi.

Sasa kazi yenyewe. Utawalisha wazee, utawasukuma kwenye viti vya magurudumu, utacheza nao karata, na pengine utamsaidia muuguzi kumwosha mzee mwenye umri wa babu yako au bibi yako. Kwetu hilo lina mipaka yake, na si dhambi kusema mapema kwamba kuna huduma ya mwili ambayo ungependa uingizwe polepole. Watakuelewa, mradi useme na usikimbie zamu. Waite wazee kwa majina yao ya ukoo, wala usiwaite babu na bibi mpaka wenyewe wakukaribishe kufanya hivyo. Na tafadhali usiwahukumu watoto wao. Kuna binti anayefika kila Jumatano saa tisa alasiri na keki, anakaa na mama yake saa nzima, na kwa miaka hajakosa. Mapenzi yake yameandikwa kwenye kalenda, lakini ni mapenzi.

Usitarajie kwamba kila anayefanya kazi katika nyumba ya kanisa ni mwamini. Upande huu ulikuwa chini ya serikali ya kikomunisti hadi 1989, na leo walio wengi hawana dhehebu lolote. Wengi wao hawakuiacha imani, ila wazazi wao hawakuwapa. Hukutumwa kuhubiri kwenye vyumba vya wagonjwa. Ukiulizwa kwa nini umekuja, jibu kwa ufupi na ukweli, nao watarudi kuuliza tena. Asubuhi utasikia likisomwa andiko la siku kutoka katika kitabu ambacho huchapishwa Herrnhut tangu mwaka 1731. Tafuta mstari huo katika Biblia yako ya Kiswahili kabla ya zamu, utaufuata usomwapo hata Kijerumani chako kikiwa bado kichanga. Na ujiandae na historia ya nyumbani, kwa sababu wazee wa Herrnhut wanajua kwamba wamishonari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na watataka wewe uwaeleze kilichotokea baada ya hapo.

Nimeacha swali lako la ugeni hadi mwisho kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote. Huku hakuna mtu atakayepita kwako kupiga hodi, na ukipita kwake bila ahadi utamkuta amesimama mlangoni akikuuliza kuna tatizo gani. Si chuki. Watu hukutana kwa saa iliyopangwa na kwa jambo la kufanya, kwa hiyo dawa ni kujiunga na kikundi chenye siku yake kila wiki. Wewe ni Mmoravian, bila shaka umewahi kushika tarumbeta au umeimba kwaya. Karibu kila ushirika huku una kikundi cha tarumbeta, na hukosa vijana. Jifunze kabisa kusoma noti za mistari ungali nyumbani, kwa maana sol-fa zetu hawazijui. Jumanne baada ya Jumanne utakaa kwenye kiti kilekile karibu na mtu yuleyule ambaye hasemi kitu, na kabla ya Pasaka atakuwa amekualika kwake kula, tena kwa tarehe na saa. Ibada ya Jumapili haitakupa hilo: inaanza saa nne kamili, inakwisha baada ya saa moja, na watu wanaondoka.

Kutoka Mbeya mjini

Mwanangu, mimi niko upande wa wanaotuma vijana, na dada yako wa Zittau amegusa karibu yote isipokuwa fedha, ambayo kwa uzoefu wetu ndiyo inayowavunja moyo vijana wengi.

Posho ya kujitolea si mshahara. Unapewa mahali pa kulala, chakula au fedha ya chakula, bima ya afya, na kiasi cha kutumia mfukoni, ambacho kinamtosha mtu mmoja mwenye kujipangia. Hapa nyumbani, hata hivyo, mtu akisikia umepanda ndege kwenda Ulaya anakuhesabu kuwa na uwezo. Kabla hujafika mwezi wa pili utakuwa umeingizwa kwenye kamati za harusi, utaombwa ada ya mdogo wako, bati za nyumba ya baba mdogo, na simu ya binamu ambaye hamkuwa mkisalimiana. Ukinyamaza unaitwa mwenye maringo, na ukijaribu kumridhisha kila mtu unaishia kula mkate mkavu na kukopa kwa wenzako.

Ninachokushauri ni uwakalishe wazazi na wajomba kabla ya safari, mchungaji akiwapo, na uwaonyeshe barua ya mkataba na kiasi kilichoandikwa humo. Mchungaji aseme yeye, si wewe. Kama utapenda kutuma chochote, kubalianeni kitu kimoja na mtu mmoja, na ukitume kwa pamoja kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa kutuma kidogo kidogo kunaliwa na makato. Harusi zitapita na michango itapita. Wenye akili hawatakudai risiti.

Jambo la pili nalisema bila kuzunguka. Kuna watakaokunong'oneza kwamba mwaka ukiisha upotee. Ukitaka kubaki kusomea uuguzi au ufundi, njia halali ipo, wewe si wa kwanza kuipita, na sisi tutakuandikia barua ya kukutambulisha. Lakini ianze miezi mingi kabla ya kibali kuisha, ukiwa na Kijerumani cha kutosha. Anayepotea anamfungia mlango kijana wa ushirika mwingine ambaye jina lake tayari liko kwenye foleni.

Kutoka Dresden

Ndugu yetu, karibu sana. Naongeza machache ya njiani. Ipo tiketi ya mwezi ya nchi nzima kwa mabasi na treni za kawaida, si zile za mwendo kasi. Ilianza mwezi wa Mei 2023 kwa euro 49 na imepanda tangu hapo, kwa hiyo kabla ya kununua uliza kama mwenyeji wako anakulipia, maana wengine hulipa. Maduka hufungwa Jumapili, basi fanya manunuzi Jumamosi. Chupa za plastiki za maji na soda usizitupe, kwa sababu senti 25 ulizowekea dhamana kwa kila moja hurudishwa na mashine dukani.

Ukikaa upande huo utakuwa karibu na mipaka miwili, wa Poland na wa Ucheki, na wenzako watakualika mvuke kwa miguu kununua mboga. Nenda, lakini pasipoti na kibali viwe mfukoni kila mara, kwani tangu Oktoba 2023 polisi wa Ujerumani wanakagua watu kwenye mpaka wa Poland, na sura zetu ndizo husimamishwa kwanza. Ukiugua usiku bila hatari ya maisha piga 116117. Kwa dharura ni 112.

Ukishajua tarehe ya ndege, tuandikie. Kutoka hapa Dresden kuna treni ya moja kwa moja hadi Zittau, na mmoja wetu atakuja kukupokea na koti la akiba.