Kichwa cha gia cha "metali" kimebanduka na ndani yake ni plastiki: tunalipishwa nini kwenye matoleo ya spoti?

Ndugu wanajamvi,

Gari langu ni la gia za mkono, toleo la spoti, lililoletwa Dar es Salaam kutoka Japani likiwa limetumika. Nilikubali kulipa zaidi ya bei ya toleo la kawaida kwa sababu katalogi ya kiwanda, ambayo bado ninayo, ilitaja viti vya spoti, usukani wa ngozi na kichwa cha gia (kishikio cha juu ya leva ya gia) cha metali. Viti ni vya spoti kweli, na usukani ni wa ngozi kweli. Kichwa cha gia ni plastiki.

Nimeligundua hilo kwa damu. Mpako ulianza kuinuka pembezoni, pale kiganja kinapokunja, ukajiviringisha kama ukucha uliovunjika, na nilipokuwa narudisha gia ya pili kwenye foleni ukanichana chini ya kidole gumba. Niliponyanyua kipande hicho kwa koleo niliona tabaka zote kwa macho yangu: juu kromu inayong'aa, chini yake nikeli yenye rangi ya manjano hafifu, kisha mstari mwembamba mwekundu wa shaba, na mwisho plastiki nyeupe iliyofifia. Hivi ndivyo plastiki inavyovishwa metali viwandani: huchovywa kwenye dawa ili uso wake upate vitundu vya kushikia, hupakwa shaba na nikeli, na kromu huja mwisho, ikiwa na unene usiofikia hata maikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita). Kwa nembo ya mbele ya gari, ambayo hakuna anayeishika, utaratibu huo hauna tatizo. Kwa kitu kinachosuguliwa na mkono wenye jasho na pete kila siku, aliyeuchagua alijua kabisa kwamba utabanduka.

Nilimwandikia aliyeniuzia. Alijibu kwamba kichwa cha gia ni kifaa kinachochakaa kwa matumizi, sawa na pedi za breki, na kwamba maelezo ya katalogi yalihusu mwonekano tu. Ningependa kujua pedi gani ya breki humkata dereva mkono.

Kuna watakaosema kwamba huu ni urembo tu na nisiwasumbue watu. Sikubaliani nao. Uzito wa kichwa cha gia una kazi, kwa sababu leva inapoingia kwenye gia, ringi za sinkronaiza ndani ya giaboksi, ambazo kwa kawaida ni za brasi, huhitaji muda mfupi wa kusawazisha kasi ya gia na shafti, na kichwa chenye uzito wa kutosha huendelea kusukuma kwa mwendo wake chenyewe katika kipindi hicho, hivyo mkono hausikii kila kikwazo. Chukueni tufe la milimita 45 kabla ya kutobolewa tundu la nyuzi za skrubu: likiwa la plastiki litakuwa na gramu 50 hivi, la aluminiamu 130, la titaniamu 215, na la chuma kisichoshika kutu zaidi ya 370. Tofauti hiyo mkono unaitambua hata ukiwa umefumba macho. Honda wenyewe, walipoifanyia marekebisho Civic Type R ya mwaka 2020, waliacha tufe la aluminiamu lililokuja na gari hilo mwaka 2017, wakaweka kichwa chenye umbo la tone na uzani wa gramu 90 uliofichwa ndani, na walieleza wazi kwamba lengo lilikuwa kuboresha hisia ya kubadilisha gia. Mtengenezaji hahangaikii gramu 90 kwa ajili ya urembo.

Tena kuna joto, na hapa hata aluminiamu halisi nina ugomvi nayo. Aluminiamu safi hupitisha joto kwa kiwango cha wati 237 kwa mita kwa kelvini, ilhali titaniamu ni kama 22 tu. Maana yake ni kwamba vichwa viwili vilivyokaa kwenye gari lililoegeshwa juani Posta tangu asubuhi vinaweza kuwa na jotoridi lile lile, lakini cha aluminiamu kitamwaga joto lake kwenye kiganja chako papo hapo, na cha titaniamu kitakupa nafasi ya kukishika. (Kwa walioko kwenye baridi mambo hugeuka, na aluminiamu huwanyang'anya joto la mkono kwa kasi ile ile.) Ndiyo maana ninaona kwamba Honda waliotengeneza NSX-R ya mwaka 1992, Integra Type R ya 1995 na Civic Type R ya 1997, zote zikiwa na kichwa cha titaniamu kutoka kiwandani, walikuwa wanamfikiria dereva. Titaniamu ni ghali na ni ngumu kukereza, nakubali, lakini fedha ya toleo la spoti tunailipa kwa ajili ya vitu vya namna hiyo.

Hasira yangu ya pili ni kwa wauza spea. Baada ya kile cha kiwandani kuharibika nilikwenda Kariakoo, nikauziwa kichwa cha "titaniamu" chenye rangi ya bluu na zambarau, kwa bei ya titaniamu. Fundi wangu wa gereji alikigusisha upande wa chini kwenye jiwe la kunolea la umeme. Titaniamu ikiguswa na jiwe hilo hutoa cheche nyeupe kali sana. Hiki hakikutoa hata cheche moja, na chini ya rangi kulikuwa na aluminiamu tupu. Muuzaji, alipoonyeshwa, alisema kwamba titaniamu ni jina la rangi.

Ninachodai si kikubwa. Kiwanda kiandike metali gani iko ndani ya kichwa cha gia na ina uzito gani, kama kinavyoandika ukubwa wa matairi, na anayeuza gari lililotumika asiite "metali" kitu ambacho metali yake inatoka kwa ukucha.

Kwa sasa natafuta kichwa halisi cha titaniamu kilichovuliwa kwenye gari. Mwenye nacho aweke picha kikiwa juu ya mizani, na ataje kipimo cha nyuzi zake (kipenyo kwa nafasi kati ya uzi na uzi), kwa sababu za Honda ni milimita 10 kwa 1.5, za Mazda 10 kwa 1.25 na za Toyota 12 kwa 1.25. Wenye vile vya bluu na zambarau wasijisumbue kunitumia ujumbe mpaka wavipitishe kwenye jiwe.