Binti anahamia Nairobi, simu ina nafasi ndogo: Bolt au Uber, na ramani ipi?

Mama wa Barani (Malindi)
Assalaam aleikum jamaa. Mtoto wa dadangu anakwenda kusoma Nairobi, tiketi ya basi ameshakatiwa. Simu yake haina nafasi nyingi, nataka tumwekee kila kitu huku nyumbani tungali na waifai. Nimekwama kwa mambo matatu. Teksi: Bolt, Uber au Little? Ramani: ya Google au hiyo Organic Maps wanayoisifu vijana? Nyumba ya kupanga: BuyRentKenya, Jiji au makundi ya Facebook? Nitajieni moja moja, za kuweka zote hapana.

Fundi Simu Shella
Wa aleikum salaam Mama. Kwa maelezo hayo hakuna atakayekujibu sawasawa. Simu ni aina gani, ya GB ngapi, na zimebaki ngapi? Ingia Mipangilio, kisha Hifadhi, utuandikie unachokiona.

Na lililo kubwa kuliko hayo yote: laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Ikiwa ni chako, siku simu ikiibwa Nairobi hatarudishiwa laini dukani. Watamtaka mwenye kitambulisho, na mwenye kitambulisho yuko Barani. Piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ikiwa ya mtoto imo, nendeni duka la Safaricom mkaihamishe kabla ya safari.

Nahodha wa Mokowe
Anashukia wapi, saa ngapi, na atakaa upande gani wa Nairobi? Wa Rongai na wa Thika Road hawatumii njia moja, wala steji moja.

Bi Langoni (Lamu)
Mambo ya kumjazia mwana simu ya nini? Watu wetu wako Eastleigh, wako South C, wako Pangani. Apigiwe simu mmoja amngoje kituoni.

Nahodha wa Mokowe
Shikamoo Bi. Wapo, na wengi ni watu wema. Lakini basi la usiku hufika alfajiri, na mwenyeji naye ana kazi na foleni yake. Amngoje siku ya kwanza, inshallah. Ya pili na ya tatu mtoto atakwenda peke yake.

Kijana wa Casuarina
Teksi ni Bolt, tusizunguke. Mara nyingi bei iko chini ya Uber kwa safari ile ile, na bodaboda zimo humo humo.

Abu Nasri
Bei ya kwenye skrini na bei utakayodaiwa mlangoni ni vitu viwili. Dereva akishakubali safari hupiga simu: "Unaenda wapi? Unalipa na nini?" Halafu anataka nyongeza juu ya bei ya programu. Mgeni huogopa akakubali. Asikubali. Aifute safari mapema, maana dakika chache zikipita anaweza kutozwa ada, na kwenye orodha ya sababu achague ile inayosema dereva ndiye aliyeomba ifutwe.

Mimi ningemwekea Uber kwa jambo moja: ina mpangilio wa namba ya uthibitisho. Ukiuwasha, dereva hawezi kuanza safari mpaka abiria amtajie tarakimu 4 zilizo kwenye skrini yake. Hapo mtoto hawezi kupelekwa na gari lisilo lake. Tena Uber hufunguka kwenye kivinjari, m.uber.com, bila kuweka programu yoyote. Kwa simu isiyo na nafasi, hilo peke yake linatosha kukata shauri.

Kijana wa Casuarina
Bolt nayo ina namba ya kumtajia dereva. Na kivinjari kinasumbua mtandao ukiwa dhaifu.

Abu Nasri
Programu nayo inasumbua mtandao ukiwa dhaifu.

Fundi Simu Shella
Hata iwe ipi, kinachowaangusha wageni pale katikati ya mji ni alama ya mahali pa kuchukuliwa. Accra Road na River Road majengo ni marefu na yamebanana, mawimbi ya GPS yanagonga kuta kabla ya kuifikia simu, basi kile kidoti cha buluu kinaruka mpaka barabara ya pili. Barabara nyingi pale ni za upande mmoja, dereva akikosa mlango wako azunguke tena. Asikiamini kidoti. Aingie ndani ya ofisi ya basi, aiburute alama mwenyewe mpaka kwenye jengo lenye jina, benki au kituo cha mafuta, kisha amwandikie dereva: "Niko mlango wa fulani, nimevaa baibui ya kijani." Akifika, asome namba ya gari kabla ya kugusa mlango. Na asimuulize "Wewe ni Bolt ya Amina?" Amuulize "Umekuja kumchukua nani?" Dereva ndiye ataje jina.

Bi Langoni (Lamu)
Hili la dereva kutaja jina nimelipenda.

Mama wa Barani (Malindi)
Shukran nyote. Simu ni Android, GB 32, zimebaki 4. Chuo kiko Thika Road, upande wa Kahawa. Laini kweli ni ya kitambulisho changu, kesho twaenda kuihamisha.

Fundi Simu Shella
GB 4 si haba, ila WhatsApp itazimaliza. Ingia mipangilio ya WhatsApp, Hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Ya pesa hahitaji programu, *334# inatosha. Umeme, eCitizen, mambo ya chuo, yote kivinjari na menyu ya M-Pesa vinafanya.

Nahodha wa Mokowe
Thika Road! Basi ramani ndiyo ya kwanza, teksi baadaye. Ile ni barabara kuu, huwezi kuvuka ovyo, kuna madaraja ya waendao kwa miguu. Na akiita gari, aangalie alama imekaa upande upi. Ikikaa upande wa kwenda Thika naye anakwenda mjini, gari litaenda mbali kutafuta pa kugeukia na bei itapanda.

Google aipakue Nairobi kabisa: abonyeze picha ya akaunti yake juu kulia, achague ramani za nje ya mtandao, avute fremu ishike kuanzia mjini mpaka Thika, apakue. Ila ajue ikiwa nje ya mtandao inaelekeza gari tu. Ya miguu haipo, ya matatu haipo.

Mchora Ramani wa Mkomani
Ndiyo maana nasema Organic Maps. Inaelekeza kwa miguu bila data hata senti moja, haina matangazo, na haikufuati kila unapokwenda. Ramani zake zinatoka OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Anapakua Kenya akiwa kwenu, anaiwekea alama hosteli, geti la chuo, msikiti, hospitali, steji. Bando likiisha ramani bado inafanya kazi.

Nahodha wa Mokowe
Na matatu je? Organic Maps haitamwambia apande namba gani. Google inamwambia. Njia za matatu za Nairobi zilichorwa na mradi wa Digital Matatus, Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani, ramani ikatoka 2014, na 2015 zikaingia Google.

Mchora Ramani wa Mkomani
Wewe mwenyewe umesema 2014. Steji za katikati ya mji zimehamishwa mara ngapi tangu hapo? Na zile dakika inazoonyesha ni makadirio, matatu haina ratiba, inaondoka ikijaa.

Abu Nasri
Namba hazibadiliki kama steji. 237 ni Thika, 46 Kawangware, 111 Ngong, 125 Rongai. Ajue namba yake, steji atauliza. Aulize kondakta au mwenye duka, si mtu anayemfuata nyuma akimwambia "dada, nikupeleke." Na nauli aiulize kabla ya kupanda, kwa sababu mvua ikinyesha au jioni watu wakitoka kazini inapanda, na hakuna programu itakayomwambia.

Neno moja zaidi: ndani ya matatu asishike simu dirishani. Foleni ikisimama, mkono unaingia simu inatoka. Aitazame ramani kabla ya kupanda, kisha aitie mkobani.

Fundi Simu Shella
Sahihi. Kwa hiyo kabla ya yote hayo ya teksi na ramani, simu ifungwe. Namba ya siri ya kufungulia skrini, si mchoro, mchoro unaonekana kwa alama za vidole kwenye kioo. Namba ya siri ya laini yenyewe (PIN) nayo iwashwe, mwizi akiitoa laini akaitia simu nyingine isifunguke. Uangalifu hapa: ukikosea namba hiyo mara 3 laini inadai PUK, namba ya kuifungua iliyoandikwa kwenye lile kadi lililokuja na laini, basi kadi hilo libaki nyumbani. Kisha apige *100*100# ili laini isibadilishwe na mtu kwa wakala. Apige *#06#, namba ya IMEI inayotokea, ndiyo kitambulisho cha simu yenyewe, iandikwe daftarini, polisi wataitaka. Na huduma ya Google ya kuitafuta simu ijaribiwe kutoka simu yako wewe Mama, mkiwa wote Barani, muone kama inaonekana.

Mama wa Barani (Malindi)
Mbona ya nyumba hamjagusa? Hosteli ya chuo ni ya muhula wa kwanza tu.

Jirani wa Kisumu Ndogo
Ya nyumba nitaigusa mimi, kwa kirefu, maana yaliyompata binti mmoja wa mtaa wetu yanauma.

Aliona tangazo la bedsita kwenye mtandao. Picha nzuri, vigae, maji kila siku, bei chini ya majirani wote. "Wakala" akadai kwanza ada ya kuonyesha nyumba. Akalipa. Akaonyeshwa chumba kweli, si uongo, kwa ufunguo kweli. Wakiwa mlangoni wakala akapokea simu, akazungumza kwa sauti: kuna mteja mwingine analeta pesa leo. Akamwambia atume kodi ya mwezi na deposti kwa namba ya "mwenye nyumba". Wakati wa kutuma, M-Pesa ilimwonyesha jina jingine kabisa. Wakala akasema ni mke wa mwenye nyumba. Akatuma. Siku ya kuhamia akakuta watu watatu na mizigo, kila mmoja na risiti yake ya chumba kile kile. Msimamizi wa ploti hamjui wakala. Ufunguo ulitoka kwa mpangaji aliyehama.

Akapeleka ile meseji ya M-Pesa kwa 456 kuomba irudishwe. Pesa zilikuwa zimeshatolewa. Kule kurudishiwa kunasaidia ukiwahi, pesa zingali kwenye akaunti ya yule mwingine. Zikishatoka, kazi ni ya polisi.

Kwa hiyo mimi sikutajii tovuti. Matangazo ya namna hiyo yanaingia kila mahali. Nakutajia utaratibu: picha azitafute kwa Google Lens, zikitokea kwenye tangazo la mtaa mwingine aachane nalo. Aende ploti mchana bila wakala, amuulize msimamizi na mpangaji mmoja. Jina la M-Pesa lisipolingana na jina la mkataba, pesa hazitoki. Na hakuna kulipa ili kuonyeshwa.

Abu Nasri
Ongeza mita. Ya tokeni ya Kenya Power ina namba ya tarakimu 11 na unalipia 888880. Ploti nyingi zina mita ndogo za mwenye nyumba, zina paybill yake nyingine kabisa na bei ya yuniti anaipanga yeye. Ukituma pesa 888880 kwa mita ya namna hiyo, hupati tokeni. Aulize paybill kabla ya kutia saini, na amwombe mpangaji amwonyeshe meseji ya tokeni ya mwisho: shilingi ngapi, yuniti ngapi. Hapo atajua.

Bi Langoni (Lamu)
Na hizi programu za mikopo? Mjukuu wa jirani alikopa kidogo, ikawa wanawapigia simu jamaa zake wote kuwaaibisha.

Fundi Simu Shella
Hapo Bi umegonga penyewe. Programu ya mkopo ikiomba ruhusa ya kusoma majina ya simuni, ifutwe papo hapo. Benki Kuu ya Kenya inatoa leseni kwa wakopeshaji wa mtandaoni tangu kanuni za 2022, na orodha yao iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Asiyekuwemo asiguswe. Na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, nayo ni deni, pesa yoyote itakayoingia itakatwa kwanza. Ukimtumia nauli naye anadaiwa, nauli inaliwa.

Kijana wa Casuarina
Mchora Ramani, kwani hiyo Organic Maps yako Lamu inajua vichochoro? Google ukiwa Mkomani inakuzungusha mpaka baharini.

Mchora Ramani wa Mkomani
Inajua vile tulivyoviweka sisi wenyewe. Ukikuta msikiti au duka halimo, bonyeza mahali hapo kwa kidole mpaka alama itokee, chagua kuongeza mahali, andika jina, ingia kwa akaunti ya OpenStreetMap, tuma. Halionekani siku hiyo, linasubiri ramani mpya itolewe. Kuna nyingine, StreetComplete, inakuuliza maswali mafupi unapopita: njia hii ina ngazi? Imesakafiwa? Kwa Lamu swali la ngazi ni muhimu, kwa mkokoteni na kwa mgonjwa anayebebwa.

Bi Langoni (Lamu)
Majina ya misikiti na visima sawa. Milango ya nyumba za watu na madaka yao msiiweke. Wageni watapita mpaka ndani.

Mchora Ramani wa Mkomani
Nyumba hatuandiki majina ya wenyewe, Bi. Njia na mahali pa umma tu.

Bi Langoni (Lamu)
Na zile njia zinazokatiza chini ya wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro? Zile ni za jirani na jirani.

Nahodha wa Mokowe
Hilo lifunguliwe uzi wake, litafika mbali. Mama wa Barani, umeamua?

Mama wa Barani (Malindi)
Ramani naona nitatia zote mbili, ya Google ya matatu na Organic ya miguu, nafasi nikishafuta video za harusi. Laini tumeihamisha leo. Ya teksi bado, yeye anataka Bolt, babake anataka Uber kwa ajili ya ile namba. Abu Nasri, hiyo ya kivinjari inampa namba ya uthibitisho pia, au mpaka programu yenyewe?