Mjadala: Matoleo yote yale ya Fiat CR.42 Falco yaliisaidia Italia au yaliiponza?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila tunapogusa ndege za Vita Kuu ya Pili kuna hoja inarudi: kwamba Italia ilifanya busara kuendelea kuunda Falco, kwa kuwa ilikuwa rahisi, imara, na ilikubali kugeuzwa kwa kazi yoyote. Mimi napinga. Nasema ule wepesi wa kugeuzwa ndio ulioiponza Italia. Naweka hoja zangu, mnikosoe.

Kwa asiyeifahamu, CR.42 Falco (maana yake kozi, yule ndege mwindaji) ilibuniwa na Celestino Rosatelli wa Fiat, ikaruka mara ya kwanza Mei 1938. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine. Magurudumu yake hayakunjwi, na rubani anakaa wazi, upepo unampiga usoni. Injini ya Fiat A.74, silinda 14 zilizopangwa duara, ilitoa nguvu za farasi 840 na kuikimbiza kama kilomita 440 kwa saa. Wakati huo Hurricane ya Waingereza, yenye bawa moja, ilikuwa tayari kikosini, nayo ilikaribia 520.

Badala ya kuiaga, wakaanza kuishonea nguo mpya kila msimu. Huko Libya mchanga uliitafuna injini, likaja toleo la AS, yaani la Afrika ya Kaskazini, lenye chujio la mchanga na nafasi ya bomu mbili za kilo 100 chini ya mabawa. Waingereza walipoanza kupiga miji ya Italia usiku, likaja CN: mabomba marefu ya moshi ili miali isionekane gizani, redio, na taa ndogo za kumulikia adui. Kwa visiwa vya Aegean wakaongeza tangi la mafuta. Wakajaribu hata la maboya, la kutua majini. Wajerumani nao waliagiza 200 za kwao, zikaitwa LW, kifupi cha Luftwaffe, jeshi lao la anga. Jumla ya Falco zote ni takriban 1,800, na hakuna ndege ya kivita ya Italia iliyoundwa kwa wingi kama hiyo katika vita vile.

Linaloniuma zaidi ni CR.42DB. Mwaka 1941 walichukua injini ya Kijerumani DB 601, injini bora waliyoweza kuipata, wakaifunga kwenye ndege ya mabawa mawili. Ilipita kilomita 500 kwa saa, mwendo wa ajabu kwa ndege ya aina hiyo. Lakini injini hiyohiyo ilikuwa inasubiriwa na Macchi C.202 Folgore, ndege ya Italia ya bawa moja, ambayo ilipita 590! Ashukuriwe aliyeamua ile ya DB isiingie kiwandani.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama mbele ya Falco moja kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, Hendon. Ubavuni ina namba 13-95. Ilitua ufukweni Orfordness, mashariki mwa Uingereza, tarehe 11 Novemba 1940, injini imeleta matatizo, rubani akakamatwa mzima. Nilisogea hadi kwenye kamba. Ukitazama nguzo zinazounganisha bawa la juu na la chini, zimekaa kishazari, zinapishana kama mbao za paa, kazi safi ya mikono. Kisha nikatazama pale alipokaa rubani: kioo kidogo mbele, juu hakuna kitu. Huyu alitumwa kuvuka bahari ya kaskazini mwezi wa Novemba akapigane na Hurricane. Roho iliniuma.

Mchangiaji wa kwanza

Asante kwa mada, ila natofautiana nawe. Unaipima Falco kwa Uingereza tu. Njoo huku Afrika Mashariki.

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, majeshi yake ya Ethiopia, Eritrea na Somalia yalikatiwa njia siku hiyohiyo. Suez ilikuwa mikononi mwa Waingereza, meli haipiti. Wakaitumia ndege kubwa ya mizigo, SM.82: Falco inafunguliwa, inaingizwa tumboni mwake nzima, inapitishwa juu ya jangwa la Sudan, inakwenda kuunganishwa upya. Falco 51 zilifikishwa kwa njia hiyo. Ndege iliyoweza kufunguliwa na kufungwa tena na mafundi wachache, mbali na kiwanda, hiyo ndiyo iliyohitajika.

Na zilipigana. Mario Visintini wa kikosi cha 412, Eritrea, anatajwa mara nyingi kuwa rubani wa ndege ya mabawa mawili aliyeangusha adui wengi kuliko wote katika vita vile, 16. Alikufa Februari 1941 kwa kugonga mlima Bizen, akiwatafuta wenzake waliopotea.

Niongeze jambo kwa wenzangu wa Kenya, maana huwa linachanganywa. Waliopiga Wajir Juni 1940 na Malindi Oktoba hawakuwa Falco. Zile zilikuwa ndege za mabomu. Falco ilikutana na Waafrika Kusini waliorusha Hurricane zao kutoka viwanja vya Kenya, na ni kweli, hapo ndipo ilipoanza kuzidiwa.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, kosa lako ni kudhani Italia ilikuwa na cha kuchagua. Tatizo lao lilikuwa injini. DB 601 iliundwa Italia kwa leseni na Alfa Romeo, ikitoka makumi kadhaa tu kwa mwezi. Mabodi ya Folgore yalikuwa yakikaa kiwandani yakiisubiri. A.74 ilikuwepo, kwa hiyo walitengeneza kinachoendana nayo.

Mleta mada

Mchangiaji wa pili, hapo umenifungulia mlango. Macchi C.200 Saetta ilitumia injini gani? A.74 hiyohiyo. Bunduki zake? Mbili za milimita 12.7, sawa na Falco. Ila ina bawa moja na magurudumu yanakunjwa, nayo ilifika kama 500 kwa saa. Kilomita 60 za bure, injini ileile! Kila A.74 iliyofungwa kwenye Falco mpya ilinyimwa Saetta. Kwa hiyo injini siikubali kuwa sababu.

Mchangiaji wa pili

Kwa karatasi uko sawa. Ila Saetta za mwanzo zilikuwa na ugonjwa: ukiikata kona kali inakuponyoka, inaanza kuzunguka yenyewe. Walilazimika kurekebisha bawa. Marubani wa Stormo ya 4 (stormo ni kundi la vikosi vya ndege) walipopewa Saetta waliona afadhali wabaki na Falco. Na zilipoendelea kutoka, marubani wakalalamikia kifuniko cha kioo juu ya kichwa hadi kikaondolewa. Walitaka kuona na kusikia upepo kama walivyozoea. Wenyewe ndio walioitaka Falco.

Mleta mada

Hili la marubani nalikubali, na kwangu ndilo kiini cha mkasa wote. Rubani hodari wa kupindapinda hewani alitaka ndege inayopindika, na Falco ilipindika kuliko karibu zote. Lakini mwenye kasi ndiye anayechagua pambano lianze lini na liishe lini. Mwenye kupindika anasubiri afuatwe. Kazi ya makao makuu ilikuwa kuwaambia marubani ukweli huo, na badala yake waliwapa walichokizoea.

Mchangiaji wa kwanza, kwa Afrika Mashariki nimekubali. Pale palihitaji ndege inayoingia tumboni mwa SM.82. Lakini angalia: zilizokwenda kule hazikuhitaji matoleo yote haya. Na kule kwenyewe kulikwisha Novemba 1941, Gondar ya Ethiopia ilipoanguka. Baada ya hapo kwa nini Falco ziliendelea kuundwa kiwandani Turin hadi 1943 na kuvuka?

Mchangiaji wa kwanza

Kwa sababu ya AS. Hadi mapigano ya El Alamein huko Misri, 1942, zilikuwa zinashuka chini kupiga magari na mizinga. Kazi hiyo haihitaji 500 kwa saa, inahitaji ndege inayotulia chini na kutua popote. Hata Wajerumani, waliokuwa na ndege bora, baada ya 1943 walizitumia LW usiku dhidi ya wapiganaji wa msituni Yugoslavia. Hawakuwa wajinga.

Mleta mada

Wajerumani walizitumia kwa sababu kiwanda walikikuta kinaendelea, na mafundi wapo. Saetta nayo ilibeba bomu, lilikuwepo toleo lake la kazi hiyo. Mimi ningesimamisha Falco Desemba 1941, AS zilizopo zimalizie jangwani, na A.74 zote ziende Macchi.

Mchangiaji wa kwanza

Desemba 1941 ni mapema mno. Saetta ya mabomu ilikuwa bado haijaenea vikosini. Mimi ningesema katikati ya 1942, na CN ningeziacha ziendelee, kwani usiku wa 1942 Italia ilikuwa na nini kingine cha kurusha?