Mafuriko ni ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi, au ni kisingizio cha mitaro iliyoziba?

Keateka wa Huruma

Wadau, salamu. Natunza ploti ya ghorofa sita hapa Huruma, mitaa ile ya kuteremkia mtoni. Aprili 2024 Mto Mathare ulipofurika, vyumba vya chini viliingia maji hadi kwenye soketi za stima, na wapangaji wengine hawakurudi tena. Tangu hapo wingu likitanda tu, mazungumzo ya ngazini ni yale yale: tabianchi imebadilika. Landilodi naye kalishika neno hilo. Nikimwambia ukuta wake wa nyuma umekalia mtaro, ananijibu kwamba shida ni tabianchi, hata Umoja wa Mataifa unasema.

Sasa, Jumamosi nilipita bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, nikakuta bunge la wananchi limekaa, yaani watu wa kawaida wakijadili mambo ya nchi. Mzee mmoja akasimama, akasema mvua ya Uhuru ya 1961 ilikuwa kubwa kuliko hii yetu, na wakati huo magari ya Nairobi yalikuwa ya kuhesabika. Akaongeza El Niño ya 1997. Akauliza: hizo nazo zililetwa na moshi wa nani? Watu wakapiga makofi. Mimi nikakosa la kusema.

Naomba mwenye kujua: maafa kama haya ni ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi au la? Sitaki hotuba za semina. Nataka maneno nitakayosimama nayo Jeevanjee, na bado niweze kumbana landilodi.

Mama Samosa, Mathare

Kaka, mwambie landilodi mto haukumfuata yeye, yeye ndiye aliyeufuata. Usiku ule maji yalitupata tumelala. Ndiyo, mvua ilikuwa kubwa, lakini kalvati la hapa chini lilikuwa limejaa magodoro, chupa na mchanga wa watu wanaojenga, na maji yakikosa njia yanapita kwangu. Baadaye zikaja tingatinga kubomoa nyumba za kando ya mto, tukaahidiwa shilingi elfu kumi kwa kila familia tuhame. Elfu kumi Nairobi hii! Haitoshi deposit na kodi ya mwezi wa kwanza, na bado hujamlipa wa mkokoteni. Mambo ya tabianchi nawaachia waliosoma. Mimi najua ya kalvati.

Mpima Mvua

Keateka, nitakujibu kwa urefu kidogo, univumilie.

Nilikuwa karani kwenye shamba la chai huko Limuru, na miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kusoma kipima mvua. Kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili na Krismasi zikiwemo, unamimina maji kwenye silinda, unasoma milimita, unaandika daftarini. Mwezi ukiisha fomu inakwenda Dagoretti Corner, kwa Idara ya Hali ya Hewa. Kazi haina utamu wowote. Lakini ilinifundisha kutoziamini kumbukumbu za watu kuhusu mvua, zangu zikiwemo. Watu hukumbuka mvua iliyowaumiza. Mvua nzito iliyonyesha usiku juu ya majani chai bila kumdhuru mtu haina hadithi yoyote, ila daftarini ipo.

Mzee wa Jeevanjee yuko sawa kuhusu 1961. Mvua za Oktoba hadi Desemba mwaka ule zilikuwa za ajabu, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Sababu yake inajulikana: kuna miaka Bahari ya Hindi huwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, na unyevu wote ule hutuelekea sisi. Ndivyo ilivyokuwa tena 1997, pamoja na El Niño. Hali hiyo huja na kuondoka, haihitaji moshi wa gari la mtu.

Anapoteleza ni pale anapodhani kwamba kitu kilichowahi kutokea chenyewe hakiwezi kusukumwa na binadamu. Nenda kule River Road utazame vijana wa pata potea. Mtu akipoteza mara moja, labda ni bahati mbaya tu, maana hata karata safi hupoteza watu. Kaa uhesabu mchana kutwa nani ameshinda na nani ameliwa, ndipo utajua karata zimechezewa. Tukio moja halikuambii. Hesabu ndiyo inayokuambia.

Na hesabu hiyo siku hizi inafanyika. Ilianza na joto kali lililoua maelfu ya watu Ulaya mwaka 2003. Mwaka uliofuata Peter Stott na wenzake Uingereza wakaonyesha kwamba uwezekano wa kiangazi cha aina ile ulikuwa umeongezeka angalau mara mbili kwa sababu ya shughuli za binadamu. Leo kuna kundi liitwalo World Weather Attribution, lililoanzishwa na Friederike Otto na marehemu Geert Jan van Oldenborgh, na ndani yake yumo Mkenya mwenzetu, Joyce Kimutai, aliyewahi kufanya kazi hapo hapo Idara ya Hali ya Hewa. Wanachukua rekodi za vituo na za satelaiti, wanachukua modeli za kompyuta, kisha wanalinganisha: mvua kama hii ingekuwaje katika dunia ambayo haijaongezeka joto?

Sasa sikiliza walichopata kwetu, maana hapa ndipo watu wengi hawafiki.

Masika ya 2024, yaliyojaza nyumba yako na kuua karibu watu 300 nchini: walikadiria mvua iliongezeka ukali kwa takriban asilimia 5, tena wakasema wazi kwamba kadirio hilo lina mashaka makubwa. Walichokisisitiza zaidi ni miji iliyokua haraka na watu waliosukumwa kwenye mabonde ya mito. Yaani Mama Samosa na wanasayansi wanasema kitu kimoja.

Vuli ya 2023, ile iliyoiharibu Garissa na Tana River: hapo walisema mabadiliko ya tabianchi huenda yalifanya mvua kuwa kali hadi mara mbili, na joto la Bahari ya Hindi likasaidia.

Halafu ukame. Misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, hapa kwetu, Ethiopia na Somalia. Huo ndio walioukuta na alama nzito ya mabadiliko ya tabianchi kuliko yote: ukame wa mashamba na malisho wa kiwango kile ulikuwa na uwezekano wa takriban mara 100 zaidi kuliko katika dunia ya kale. Na sikiliza vizuri sababu. Ukijumlisha mvua za miaka miwili ile, masika yanapungua na vuli inaongezeka, hivyo jumla yake haionyeshi badiliko kubwa. Kilichofanya kazi ni joto. Linanyonya maji kutoka ardhini na kwenye majani kabla mmea haujayatumia. Upungufu ule ule wa mvua, katika dunia yenye nyuzijoto 1.2 chini ya hii, usingefikia hata kuitwa ukame.

Kwa hiyo ukisimama Jeevanjee na mafuriko ya Mathare mkononi, umebeba ushahidi ulio dhaifu kuliko wote ulio nao. Beba ukame. Tatizo ni kwamba ukame haukuzuia gari la mbunge pale Waiyaki Way, basi jiji halikupiga kelele.

Mfugaji, Kitengela

Mzee Mpima Mvua, asante kwa neno hilo la mwisho. Sisi wa Kajiado tulileta ng'ombe hadi kando ya barabara za Nairobi wale nyasi za maua ya watu, na madereva walikuwa wakitupigia honi tu. Mwenye gari hakujua kwamba yule ng'ombe mbele yake ndiye pekee aliyebaki zizini. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa Kenya. Na ni kweli unavyosema kuhusu joto. Kulikuwa na manyunyu, nyasi zikachipua kijani, na jua likazikausha kabla hazijafika kwato. Wazee wetu walizoea mwaka mmoja mbaya, wanahama, wanarudi. Safari hii ukihama unakuta na wa kule wamehama.

Mbishi wa Jeevanjee

Mimi ndiye niliyekaa karibu na yule mzee, na makofi nilipiga. Acheni niulize maswali mawili.

La kwanza, hizo modeli mnazozisifu. Kwa miaka mingi zilituambia masika ya Afrika Mashariki yataongezeka. Kumbe kuanzia miaka ya 1980 yakawa yanapungua! Zikishindwa hapo, kwa nini niziamini kwenye "mara 100"?

La pili, gesi chafu za Kenya hazifiki hata asilimia moja ya zile za dunia. Lakini kila semina ya tabianchi ni sisi tunaoambiwa tupande miti, na kaboni inayofyonzwa na misitu yetu inauzwa kama hati kwa makampuni ya ng'ambo. Ninaponusa biashara, nashuku na habari inayokuja nayo.

Mpima Mvua

Ndugu Mbishi, la kwanza ni zito na sitalikwepa. Wanasayansi wenyewe wanaliita kitendawili cha Afrika Mashariki, na wamebishana juu yake miaka mingi. Wengine wanaelekeza kidole kwenye maji ya Pasifiki ya magharibi yaliyopashwa joto na kuvuruga upepo wetu, wengine wanasema sehemu yake ni kupanda na kushuka kwa kawaida, na tangu hapo tumepata masika mazito 2018, 2020 na 2024. Ndiyo maana kadirio la masika ya 2024 lilikuja na mashaka. Ile ya ukame ni tofauti kwa sababu imeegemea joto zaidi, na joto ndicho kitu ambacho modeli na vipimajoto vinakubaliana. Nambari 100 yenyewe usiishikilie kama bei ya unga. Ingeweza kuwa kubwa au ndogo zaidi. Upande inakoelekea ndio usiotikisika.

Lakini nakuomba uone jambo moja. Hakuna aliyegundua ongezeko la joto kwa kutazama mafuriko. Eunice Foote alionyesha mwaka 1856 kwamba hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) hupata joto juani kuliko hewa ya kawaida. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwa mkono jinsi dunia itakavyopata joto gesi hiyo ikiongezeka. Mwaka huo reli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa Mombasa, na hapa unapopigia makofi palikuwa kinamasi kitupu, reli haikufika hadi 1899. Tangu kabla ya viwanda gesi hiyo imetoka sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa hadi zaidi ya 420, na mwaka 2024 ukawa wa kwanza kupita nyuzi 1.5 juu ya wastani wa kabla ya viwanda. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo maafa hayathibitishi nadharia kutoka sifuri. Nadharia ilikuwepo kabla ya babu zetu, na maafa tunayapima dhidi yake.

La biashara ya kaboni nakuunga mkono kabisa. Lakini mganga mlafi hafanyi ugonjwa usiwepo.

Keateka wa Huruma

Nimewasoma wote, asanteni. Bado landilodi. Nikimwambia asilimia 5, si ndiyo nimemshinda? Asilimia 95 ni ukuta wake!

Mpima Mvua

Hapana, usiende na hesabu hiyo, atakupindua. Asilimia 5 ya mvua si asilimia 5 ya lawama. Mto ukiwa umefika ukingoni, kipande kidogo cha juu ndicho kinachoingia chumbani, na hicho kidogo kinaweza kuwa ndicho kilicholetwa na joto. Wakati huo huo, mtaro ukiwa wazi, maji yote yale yangepita na nyongeza yake. Sababu hazigawanywi kama kodi ya ploti.

Mshike kwa maneno yake mwenyewe. Muulize hivi: wewe unaamini kwamba tabianchi imebadilika na mvua zitazidi? Akisema ndiyo, muulize mtaro wa maji yaliyozidi umeuchimba wapi. Anayeamini hivyo kweli hangekuwa amejenga juu ya ule wa zamani.

Mama Samosa, Mathare

Hapo sasa mzee amesema! Kaka, mpeleke na mashahidi, na uandike kwenye karatasi, siku hizi wanakana.

Mbishi wa Jeevanjee

Swali la landilodi nimelipenda, nitaliiba nilitumie kwa kaunti. Kuhusu ukame, leta hoja hiyo Jumamosi, nitakupigania nafasi ya kusema kabla ya wale wa siasa hawajafika. Ila ujiandae, kwa sababu nitakuuliza mbele ya watu wote: ikiwa moshi ni wao na ng'ombe waliokufa ni wetu, ile hazina ya kulipia hasara na uharibifu waliyoikubali kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, mfugaji wa Kitengela anaidai kwa fomu gani, na kwenye ofisi ipi?

Mfugaji, Kitengela

Hilo swali na mimi nalisubiri. Jumamosi saa ngapi?